Aliyeziba Masikio ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Pasipoti tena. Asubuhi nzima pasipoti. Wanafunzi wa chuo, mlinzi wa benki, mwanamke na kichanga kisichotaka kufumbua macho. Kitambaa cha bluu cha nyuma kimechakaa pindo, nimekibana na vibanio vya nguo. Bosi wangu, Marwa, amenunua printa mpya lakini taa hataki kununua. Anasema simu za siku hizi zinajipigia zenyewe. Zinajipigia! Ndiyo maana watu wa Mugumu wakipeleka picha maofisini wanaonekana kama wamepigwa ndani ya gunia.

Mlinzi aliitazama yake akauliza, "Dada Ghati, huyu ni mimi au kivuli changu?" Nilicheka. Baadaye nikaona aibu. Halafu hasira. Miaka yote hii niko dukani hapa na sijui kwa nini kitambaa cha nyuma kinatoka cheupe pee na sura za watu zinatoka nyeusi tii.

Jioni somo la pili la kozi ya mtandaoni. Upigaji picha kwa wanaoanza. Mwalimu anaitwa Fredi, yuko Mwanza. Leo mwanga wa dirishani. Anaeleza vizuri, sikatai. Bando limekata katikati ya sentensi.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la tatu. Tundu la lenzi, kasi ya shata, ISO. Nimerudia video mpaka mama akaanza kumwiga mwalimu sauti. Tundu likiwa pana, mwanga unaingia mwingi na vya nyuma vinaingia ukungu. Shata, yaani kipazia cha ndani ya kamera, ikiwa ya polepole, anayekimbia anageuka moshi. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikipanda sana, picha inajaa chenga kama uji wa mtama usiosagika. Nimeelewa. Kweli nimeelewa, si kukariri.

Kamera yangu ni ya mitumba, imetoka kwa fundi simu wa stendi. Kitufe kimoja kinakwama. Nimempiga kuku, jiko, mtoto wa jirani. Mtoto moshi. Kuku safi kabisa, hadi kucha.

Mama anasema siku hizi nazunguka uwanjani natafuta mwanga kama mtu aliyepotelewa na ndama.

Jumapili, 9 Machi

Zoezi la wiki: sura ya mtu mmoja, mwanga wa dirisha, bila flashi. Nimempiga mama.

Kwanza alikataa. Kisha akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na kitenge cha kijani na kichwa wazi, nywele zimenyolewa vizuri. Akauliza nani ataiona. Nikasema mwalimu na wanafunzi wenzangu, basi. Akasema haya.

Aliketi kwenye kigoda kando ya dirisha la sebuleni. Mwanga ulimjia upande mmoja. Mikunjo yote ikatokeza. Masikio yake yakatokeza, zile ndewe zilizotobolewa zamani zikavutwa hadi zikaning'inia karibu na taya. Nimeyaona masikio hayo tangu nazaliwa. Leo ndiyo nimeyatazama. Hakutabasamu. Alinitazama kama anavyotazama mvua inayokuja.

Nusu ya uso iko gizani. Najua. Lakini ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimeituma kabla sijabadili mawazo.

Jumanne, 11 Machi

Majibu ya mwalimu: "Mada nzuri. Giza mno. Uso umepotea. Rudia."

Nilikasirika, nikafunga simu, nikaenda kufua. Nikafua kwa hasira mpaka sabuni ikaisha. Kisha nikarudi kuitazama. Nusu anasema kweli. Ukuta wetu umepakwa chokaa nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza yenyewe, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Mashine haijui mama ni nani. Inajua ukuta.

Nimejaribu kwa kuupiga picha mkono wangu. Nikaongeza mwanga kidogo. Mkono ukarudi kuwa mkono, na mishipa yake. Kesho najaribu kwenye pasipoti.

Kwa hiyo nimejifunza kitu. Sipendi kumshukuru lakini nimejifunza.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika ili nisivunje kitu.

Fredi ameiweka picha ya mama kwenye ukurasa wake. Si kwenye kundi la darasa. Kwenye ukurasa, mbele ya dunia nzima. Picha mbili pamoja. Kushoto mama. Kulia mama mwingine. Ameandika: KABLA na BAADA. Chini yake: "Mwanafunzi alileta hii, mwalimu akatoa hii."

Huyo wa kulia ni mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hana mkunjo hata mmoja. Macho yamekuzwa. Na masikio. Ameyaziba. Amechukua programu yake ya kuhariri, akajaza nyama kwenye matundu, akakata ndewe zinazoning'inia, akamwekea masikio ya mtu mwingine. Madogo. Mazuri. Ya mtangazaji wa televisheni.

Watu wanacheka. Si huyo wa kulia wanayemcheka. Huyo anasifiwa. Wanamcheka wa kushoto. "Huyo wa kwanza ametoroka mbugani?" "Masikio au mifuko?" Mmoja ameandika kwamba mwalimu anafanya miujiza, anafufua wafu.

Ni mama yangu. Alioga ndipo akakaa pale.

Nimemwandikia Fredi aitoe. Hajajibu. Naona anajibu wanaomsifu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa nimeamua mama asijue. Uamuzi wangu ulidumu hadi chai ya asubuhi. Mama Juma wa jirani amekuja na simu mkononi, anahema, anadhani analeta habari njema. "Bibi, umekuwa maarufu!"

Mama aliishika simu mbali na macho. Akamtazama yule wa kulia kwa muda. Akauliza huyu ni nani. Mama Juma akasema ni wewe. Mama akasema hapana, na akataka kucheka, maana alidhani ni utani. Ndipo akaona aliye upande wa kushoto. Akaona kitenge chake. Akaelewa.

Alirudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani. Akaenda kupalilia. Chai ikapoa hadi ikaota utando.

Mama Juma analia, mimi ninamchukia, na kosa si lake.

Jumapili, 16 Machi

Mama ameenda kanisani amejifunga kilemba. Amekivuta hadi chini, masikio yote ndani. Sijawahi kumwona hivyo. Hata baridi ya Juni hajifungi hivyo.

Nimemfuata nyuma njia yote ya Morotonga, mtaani kwetu, nikiangalia kile kilemba. Nilitaka kupiga kelele barabarani. Mwanamke aliyezika mume na watoto wawili, aliyewahi kumfukuza fisi kwa mwichi, anaficha masikio yake kwa sababu ya kijana mmoja wa Mwanza mwenye kompyuta.

Wakati wa mahubiri sikusikia neno. Nilimuombea Fredi. Sitaandika nilimuombea nini.

Jumatatu, 17 Machi

Kaka yangu Mwita amepiga kutoka Musoma. Ni dereva wa lori la soda. Hakunisalimia. Kwenye kundi la madereva wenzake kuna mtu ametuma stika. Uso wa mama wa kushoto, umekatwa, na maneno juu yake: NIMECHOKA NA NYIE. Wanaume wanatumiana mama yetu wakichekeshana. Mwita aliitazama, akaijua, akanyamaza mbele yao. Hilo ndilo linalomuua. Kwamba alinyamaza.

Akanimwagia mimi yote. Nimemwanika mama. Nimemtoa nje kama mbuzi wa mnadani. Niuze kamera, nirudi kwenye akili zangu. Nikamjibu kwamba kamera haijaziba sikio la mtu. Akasema, "Lakini wewe ndiye uliyetuma." Nikakata simu.

Nimetuma kwa mwalimu. Mtu akimpeleka mtoto shule, mwalimu akamvua nguo, kosa ni la mzazi?

Lakini nilituma. Sentensi hiyo haitoki kichwani.

Jumatano, 19 Machi

Fredi hatimaye amejibu. Nainakili hapa nisije nikaisahau: "Dada Ghati, sanaa inahitaji ngozi ngumu. Ukitaka kukua, kubali kukosolewa. Picha hiyo imewasaidia wengi kuelewa uhariri. Mama yako anapaswa kujivunia."

Ngozi ngumu. Huyu anayelainisha ngozi za watu.

Ujumbe uliofuata kwenye kundi: Jumamosi anakuja Tarime, darasa la vitendo, ukumbi wa gesti karibu na stendi, wanafunzi wote wa Mara wanakaribishwa.

Nilikuwa nasoma kwa sauti bila kujua. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akauliza Tarime ni Jumamosi hii? Nikasema ndiyo, naenda kumtukana mbele ya watu. Akasema, "Hutamtukana. Tutaenda."

Nikamwambia njia ni mbaya, mvua imeanza. Akaendelea kuchambua mboga. Mama akishaamua, hata mto Mara unampisha.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi. Mgongo unauma. Naandika yote.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Matope hadi darajani. Mama alikuwa na kilemba kichwani njia nzima. Tulipopita Nyamongo aliutazama mlima wa udongo uliotoka migodini akasema tu kwamba zamani pale walichunga.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Vijana wengi, simu na kamera shingoni. Tukakaa nyuma. Fredi ni mdogo kuliko nilivyodhani. Mwembamba, mcheshi, shati limepigwa pasi. Nilitaka awe na sura mbaya. Hana.

Akafundisha mwanga. Akafundisha fokasi. Anajua kazi, mshenzi huyu. Kisha akasema, sasa niwaonyeshe nguvu ya uhariri, akabonyeza, na mama akatokea ukutani. Mkubwa kama mlango. Wawili. Kabla na baada.

Watu wakacheka. Wale wale, kicheko kile kile, sasa kina sauti.

Nikasimama. Mama akanishika mkono akanikalisha. Akasimama yeye. Akapita katikati ya viti polepole, maana goti lake la kushoto halikunji vizuri. Kicheko kikaanza kupungua. Fredi akamwona, akatabasamu, akainama kidogo. "Shikamoo mama."

Mama hakuitikia.

Mtoto wa watu amekuamkia mbele ya kadamnasi na hujamwitikia. Huku kwetu hilo ni zito kuliko kofi.

Akasimama kando ya picha yake ukutani. Mwanga wa projekta ukamwangukia begani. Akafungua kilemba, akakikunja, akakiweka mezani juu ya kompyuta ya Fredi. Masikio yakashuka, marefu, meusi, yakitikisika.

"We mura," akasema, yaani kijana kwa Kikurya. "Huyu ni nani?"

Fredi akajaribu kucheka. "Mama, huo ni mfano tu wa darasa."

"Mfano wa nani?"

Fredi akaanza kuchezea waya wa projekta.

Mama akaingiza kidole kwenye tundu la sikio lake, akalivuta ili wote waone. "Haya alinitoboa shangazi yangu. Nililia. Yalipopona nikavalishwa mapambo, nikacheza, watu wakasema huyu sasa ni msichana. Wazungu walikuja wakaikuta mila hii. Mume wangu alinioa nayo. Wewe umeyaziba. Uliniuliza?"

"Mama, sikujua ni—"

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Basi fungua."

Fredi alisema ataifuta akifika Mwanza. Ndipo msichana mmoja mbele, Nyangi wa Matongo, ambaye nilikuwa namfahamu kwa jina tu kwenye kundi, akasema bila kuinuka, "Futa sasa hivi, tunaona." Mwingine akasema futa. Wengine wakadakia. Wale wale waliocheka, na hilo nalo likaniudhi. Watu ni upepo.

Akafuta. Ukurasa ulikuwa ukutani, sote tukaona picha inaondoka. Kisha akasema samahani, akaanza kueleza kuhusu nia yake njema, na mwanzo wake mgumu, na jinsi wateja wanavyopenda weupe. Mama hakumsubiri amalize. Alichukua kilemba chake, akatoka nacho mkononi.

Nje mvua. Tukasimama chini ya bati la duka la mbolea. Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema, mama nisamehe. Akasema, "Wewe ulipiga nilivyo." Kisha akasema ana njaa, tukatafute samaki.

Jumapili, 23 Machi

Fredi ameniondoa kwenye kundi. Bila neno. Masomo yaliyobaki hayafunguki tena. Cheti nacho basi.

Nilidhani ningeumia. Nina hasira tu, na hasira hii ni nyepesi kidogo, inabebeka.

Mwita amepiga. Amesikia kwa mtu wa Tarime. Akataka kuongea na mama, siyo mimi. Waliongea Kikurya kwa muda mrefu. Mwishoni mama akacheka. Mimi hakuniomba radhi. Na mimi sikumwomba.

Alhamisi, 27 Machi

Stika bado inatembea. Leo kijana amekuja dukani kuprinti barua ya kazi, simu yake iko mezani, na mama akatokea kwenye kioo. NIMECHOKA NA NYIE. Nikamuuliza, unamjua huyu? Akasema ni bibi fulani wa mtandaoni. Nikamwambia ni mama yangu, anakaa Morotonga, jana kapanda maharage. Uso ukamshuka. Akaifuta mbele yangu. Mmoja. Wako wangapi? Nitawafuata nyumba hadi nyumba?

Sitawafikia. Hilo nimelikubali leo, na limenichoma kuliko yote. Fredi alifuta kwake. Kilichotoka kimetoka.

Mchana Marwa akaniambia mteja fulani anataka pasipoti yake "ing'arishwe kidogo". Nikasema sifanyi. Akasema mteja ni mfalme. Nikasema basi mfalme aje amtafute mpiga picha mwingine. Marwa alinitazama, akatazama foleni, akarudi kwenye printa yake. Foleni imekuwa ndefu tangu sura za watu zianze kuonekana.

Jumamosi, 5 Aprili

Matongo. Nyangi aliniomba nije nimpige picha baba yake, Mzee Matiko. Nilipanda bodaboda kutoka barabara kuu, kamera ndani ya kanga.

Mzee ni mfugaji wa zamani. Macho yameingia ukungu, anaona mwanga na giza tu. Alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba, fimbo magotini. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza ukoo, nikamtajia, akaridhika.

Kabla ya kupiga nikamuuliza picha ni ya nani na itakaa wapi. Akafikiri. Akasema ni ya Nyangi, ikae ndani, na wajukuu waruhusiwe. Wengine hapana. Nikasema sawa.

Asubuhi ilikuwa na mawingu, mwanga laini. Sikumgeuza. Ng'ombe mmoja alilia nyuma ya boma, mzee akainua kichwa kusikiliza, nikabonyeza hapo.

Akanyoosha mkono. Nikampa kamera aishike. Akaipapasa, akahisi joto lake.

"Nimetokaje?" akauliza.

Nikataka kusema vizuri. Nikajizuia. Nikakaa chini kando yake, nikamweleza. Paji la uso lina mistari mingi, mmoja umekatika karibu na jicho. Kovu la kidevuni linaonekana. Jino moja limechungulia. Shingo imekonda. Macho meupe, yanatazama kushoto, kule kwa ng'ombe.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Ndiye," akasema.

Nyangi akaleta uji.